Mtunza maktaba wa Amani na hesabu za hondohondo

Kila Reginald Moreau, Mwingereza aliyechunguza ndege wa Tanganyika enzi za ukoloni, anapotajwa, jambo la kwanza kusemwa ni kwamba wapo ndege wenye jina lake. Ni kweli wapo. Usambara Mashariki kuna ndege mdogo wa kijivujivu mwenye mdomo mrefu, Artisornis moreaui, aliyepewa jina hilo mwaka 1931. Miaka miwili baadaye akafuata chozi wa milimani, Cinnyris moreaui. Na katika milima ya Uluguru yupo Scepomycter winifredae, ambaye Moreau mwenyewe alimpa jina la mkewe, Winifred, mwaka 1938. Wapenda ndege wanaopanda milima hiyo huwatafuta hao watatu kwa udi na uvumba, na wakishawaona hurudi mjini wameridhika.

Mimi naona sifa hiyo imewekwa mahali pasipo pake. Enzi zile, jina la ndege lilipatikana kwa utaratibu uliojulikana: unampiga ndege, unamchuna, unaituma ngozi kwenye makumbusho ya London, na bwana mmoja aliyezungukwa na makabati ya ngozi akiona ni mpya anakutunuku jina. W. L. Sclater, aliyewapa majina wawili kati ya hao watatu, alifanya hivyo mara nyingi kwa watu wengi, na wengi wao leo hawakumbukwi kwa lolote zaidi ya hilo jina. Kilichomtofautisha Moreau kilifanyika chini ya viota vya ndege wa kawaida kabisa, wale ambao mtoto yeyote wa Muheza aliwajua.

Hakuwa msomi wa ndege. Alizaliwa mwaka 1897 Kingston, pembezoni mwa London, akamaliza shule, akafanya mtihani wa utumishi wa serikali na mwaka 1914 akaingia ofisi ya ukaguzi wa hesabu za jeshi huko Aldershot. Chuo kikuu hakukanyaga. Baridi yabisi ilimshika akiwa bado kijana, daktari akamshauri atafute nchi ya joto, na mwaka 1920 akahamishiwa Cairo, bado akikagua hesabu. Huko ndiko alikoanza kutembea jangwani siku za mapumziko kutazama ndege, na huko ndiko alikojuana na Michael Nicoll wa bustani ya wanyama ya Giza, mtaalamu wa ndege wa Misri. Mwaka 1928 akapata kazi Amani, huko Usambara Mashariki, katika kituo cha utafiti wa kilimo ambacho Wajerumani walikianzisha mwaka 1902 na Waingereza wakakifufua. Cheo chake kilikuwa katibu na mtunza maktaba. Alikaa hapo mpaka mwaka 1946.

Kwa hiyo kwa miaka kumi na minane mshahara wake ulitokana na barua, majalada na vitabu vya kahawa, mkonge na kwinini. Ndege walikuwa wa ridhaa, kama tunavyosema ndondi za ridhaa: hulipwi, lakini ngumi ni zilezile.

Sasa tuje kwa hondohondo. Hondohondo wa Amani, yule mkubwa mweusi mwenye pembe ya rangi ya maziwa juu ya mdomo, ana desturi iliyowashangaza wenyeji tangu zamani kabla haijawashangaza Wazungu. Wakati wa kutaga, jike huingia katika tundu la mti mkubwa na mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki mwanya wa kupitisha ncha ya mdomo tu. Dume humeza udongo, huukoroga kooni na kuutema kama vidonge, jike akaukandika. Kuanzia hapo chakula cha jike, na baadaye cha kinda, kinamtegemea dume aliye nje. Habari hiyo yenyewe ilikuwa inajulikana. Lililokuwa halijafanywa ni kukaa chini ya mti huo na kuandika: ameleta matunda mangapi, saa ngapi, kwa siku ngapi.

Reginald na Winifred wakaliandaa jambo hilo, wakachapisha matokeo mwaka 1941 katika jarida la Marekani. Kutokana na ulinzi wa namna hiyo yalipatikana makadirio ambayo vitabu vya hondohondo vinayanukuu hadi leo: dume mmoja, katika siku 120 hivi, alifika kwenye kiota mara 1,600 na kupeleka matunda 24,000. Ukiigawa hesabu hiyo unapata safari kumi na tatu kwa siku, na kila safari matunda kumi na matano, akiyatema moja moja mwanyani. Mwaka 1939 na 1940 Moreau alishatoa hesabu za aina hiyohiyo kuhusu mbayuwayu na jamaa zao: dakika za kuatamia, dakika za kuondoka, mara za kulisha. Ukizisoma bila kujua zinakoelekea utaona ni kazi ya mkaguzi wa mahesabu aliyehamia msituni, na kwa kiasi kikubwa ndivyo ilivyokuwa. Tabia ya ofisi ya Aldershot na Cairo, ya kutoamini jumla mpaka umeona risiti, ndiyo aliyoipeleka kwenye viota.

Hesabu hizo zilikuwa na swali nyuma yake. Ndege wa Ulaya hutaga mayai manne, matano, hata zaidi. Jamaa zao wa huku karibu na ikweta hutaga mawili, mara nyingine matatu. Kwa nini? Jibu la haraka lililokuwa likitolewa ni kwamba huku tropiki maisha ni mepesi, ndege hafi kwa baridi, basi hana haja ya watoto wengi. Moreau hakuridhika nalo. Mwaka 1944 alichapisha katika Ibis, jarida la wataalamu wa ndege la Uingereza, makala ndefu ya kurasa zipatazo sitini, akilinganisha idadi ya mayai ya ndege wa Afrika, kuanzia ikweta kwenda kusini, na wa Ulaya. Mwelekeo ulionekana wazi hata ndani ya jamii moja ya ndege: kadiri unavyosogea mbali na ikweta, mayai yanaongezeka.

Miaka kumi nyuma, mwaka 1934, alikuwa amempokea Amani mgeni kijana, mwalimu wa shule kutoka Uingereza aliyependa ndege. Jina lake David Lack. Naye wakati ule alikuwa wa ridhaa. Baadaye alikwenda Galapagos, akawa mkurugenzi wa taasisi ya utafiti wa ndege ya Edward Grey pale Oxford, na mmoja wa wanabiolojia wakubwa wa karne iliyopita. Mwaka 1947 Lack alijenga nadharia juu ya mayai: ndege hutaga idadi ile ambayo wazazi wataweza kuilisha, na kwa kuwa siku za kiangazi Ulaya ni ndefu mno, wazazi wa huko wana saa nyingi za kutafuta chakula kuliko wa huku ambako jua linazama saa kumi na mbili mwaka mzima. Nadharia nzuri, na inavutia kwa urahisi wake. Lakini mwaka 1949 Alexander Skutch, Mmarekani aliyeishi shambani Costa Rica akitazama viota kwa namna ileile ya Moreau, aliipinga. Alisema ndege wengi wa tropiki wangeweza kulisha zaidi ya wanavyolisha. Shida ni kwamba kila safari ya kwenda kiotani ni alama kwa nyoka na nyani, na mwenye watoto wengi anajitangaza. Bishano hilo halijafungwa mpaka leo.

Angalia Skutch alichapisha wapi: katika Ibis, na mhariri wa Ibis kuanzia 1946 hadi 1960 alikuwa Moreau. Rafiki yake Lack ndiye aliyekuwa bosi wa taasisi iliyompa meza ya kufanyia kazi Oxford baada ya afya yake kumlazimisha kuondoka Tanganyika. Bado Moreau akampisha mpinzani wa Lack kwa kurasa nyingi. Hilo kwangu lina uzito kuliko ndege watatu wenye jina la familia.

Nimemsifu vya kutosha; sasa niulize swali ambalo wasifu wa watu kama hawa hulipita kando. Nani alikaa chini ya mti?

Mtu mwenye baridi yabisi na kazi ya ofisi asubuhi hadi jioni hawezi kulinda kiota kutwa, siku baada ya siku, kwa miezi minne. Ulinzi ulifanywa na wafanyakazi Waafrika waliofundishwa kuandika kila ujio na kila kuondoka. Anayejulikana zaidi kati yao ni Salimu Asumani, aliyekuwa mkono wa kulia wa Moreau katika kutafuta viota na kukusanya ndege katika misitu ya Usambara. Moreau mwenyewe hakuficha kwamba alimtegemea, na mwanahistoria Nancy Jacobs ameandika kwa kina juu ya uhusiano wa namna hiyo kati ya wataalamu wa ndege wa kikoloni na watu waliowaongoza msituni. Ulikuwa uhusiano wa heshima ya kweli na wa tabaka la kweli, vyote kwa pamoja. Mmoja alikuwa bwana, mwingine mtu wa kazi. Mmoja akiandika jina lake juu ya makala, mwingine akishukuriwa ndani yake, kama akishukuriwa.

Nasema hivi bila kukusudia kumvua Moreau kofia nimvike mwingine, maana hiyo nayo ni hadithi rahisi. Kubuni swali la mayai, kujua ni nini cha kuhesabu, kusoma alichoandika Mjerumani mwaka 1905 na kukilinganisha na alichoona jana: hiyo ilikuwa kazi ya Moreau. Kukiona kiota kilichofichwa juu ya mti wa futi mia, kumtambua ndege kwa mlio gizani mwa msitu, kukaa bila kupepesa macho wakati mbu wanakula: hiyo ilikuwa kazi ya Salimu na wenzake. Takwimu ya matunda 24,000 isingepatikana bila pande zote mbili. Tunaposema Moreau alikuwa mtafiti wa ridhaa, tukumbuke kwamba ridhaa yake ilikuwa na watu wanaolipwa ndani yake, na malipo hayo yalikuwa ya kibarua.

Kusini zaidi mambo yalikuwa hivyohivyo. Jali Makawa alimkusanyia mtaalamu wa ndege C. W. Benson ndege kwa miaka mingi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na mwaka 1965 ndege mmoja wa kaskazini-magharibi mwa Zambia akaitwa Pogoniulus makawai. Alipatikana mmoja tu, hajaonekana tena mpaka leo, na vipimo vya vinasaba vya karibuni vinaonyesha pengine alikuwa ndege wa kawaida aliyekosa rangi yake. Hata heshima walipopewa watu hawa ilikuja na mkosi!

Kuna jambo la pili linalosahaulika, nalo ni ile maktaba. Katika mwaka 1933 Moreau alichapisha makala kuhusu mabadiliko ya tabianchi ya zama za barafu na mtawanyiko wa viumbe Afrika Mashariki, na mwaka 1935 uchambuzi wa misitu ya Usambara na ndege wake. Hoja yake ilikuwa kwamba misitu ya milima yetu ni kama visiwa: ndege wa Usambara na wa Uluguru wana undugu, lakini hawawezi kuvuka nyika ya joto iliyo katikati, kwa hiyo lazima kulikuwa na zama za baridi au mvua ambapo misitu iliungana. Karani anapataje ujasiri wa kuandika juu ya zama za barafu? Kwa sababu majarida yote yaliyofika Amani yalipita mikononi mwake. Ndiye aliyeyafungua, akayaorodhesha, akayapanga rafuni. Alikuwa na msitu upande mmoja wa dirisha na dunia ya wasomi upande wa pili, vyote bure.

Jambo hilo linamhusu kijana wa leo wa Muheza au Lushoto kuliko tunavyodhani. Anayo simu yenye kamera nzuri kuliko bunduki na darubini ya Moreau kwa pamoja. Lakini akitaka kusoma makala iliyoandikwa kuhusu ndege wa kijijini kwake, mara nyingi atakutana na ukurasa unaomtaka alipe dola kadhaa wa kadhaa kwanza. Tumewapa watu macho, tukawafungia rafu. Na hata ikifunguliwa, karibu kila kitu kilichoandikwa juu ya ndege hao kiko kwa Kiingereza, ilhali uchunguzi wenyewe kwa sehemu kubwa uliendeshwa kwa Kiswahili, kati ya bwana na wasaidizi wake, pale chini ya mti.

Udadisi wa Moreau haukuishia kwa ndege. Aliandika pia juu ya watu waliomzunguka, na mwaka 1944, mwaka uleule wa makala ya mayai, jarida la Africa la London lilichapisha makala yake juu ya utani wa makabila Tanganyika: nani ni mtani wa nani, matusi gani yanaruhusiwa, mtani ana wajibu gani msibani. Msomaji Mtanzania akiisoma leo atacheka mahali fulani na kukunja uso mahali pengine, lakini ataona mkono uleule: orodha, ulinganisho, tahadhari ya kutorukia sababu.

Kitabu chake cha mwisho, kuhusu ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia kuja Afrika, kilichapishwa mwaka 1972, miaka miwili baada ya kifo chake. Ndani yake alikadiria kwamba ndege bilioni 5 huvuka kuja kwetu kila mwaka. Waliokokotoa upya mwaka 2009 walipata kama bilioni 2.1. Wapo wanaosema kwa hiyo alikosea; wengine wanasema ndege wamepungua sana tangu wakati wake. Nadhani yote mawili yamo. La kudumu zaidi ni kitendawili ambacho wataalamu wamekipa jina lake: ndege hao hufika ukanda wa Sahel, kusini mwa Sahara, mvua zikiwa zimekwisha na nchi inaendelea kukauka, wanakaa humo miezi ya ukame, halafu mwishoni kabisa, wakati ambapo ungetarajia hawajabakiwa na kitu cha kula, wananenepa vya kutosha kuvuka Sahara kurudi kwao. Wanakula nini? Majibu yamekuja kwa vipande, mengi yakihusu miti inayochanua na kuzaa katikati ya kiangazi. Ila swali lilihitaji mtu aliyezoea kudai risiti.

Mwaka 1951 Chuo Kikuu cha Oxford kilimpa shahada ya uzamili ya heshima. Ndiyo digrii pekee aliyopata kwa ndege, akiwa na zaidi ya miaka hamsini.

Leo wapenda ndege wa Afrika Mashariki ni wengi kuliko wakati wowote. Kuna ramani za ndege za Tanzania na Kenya zinazojengwa kwa kumbukumbu za watu wa kawaida, kuna eBird na iNaturalist, mitandao ambako yeyote huandika viumbe aliowaona, kuna makundi ya vijana yanayotoka kila mwisho wa wiki. Nafurahi kuona hivyo. Lakini hobi hii, kama inavyochezwa sasa, inampa alama aliyeona aina nyingi, na haimpi chochote aliyemtazama ndege mmoja kwa mwezi mzima. Orodha ya aina 600 inasifiwa mtandaoni. Daftari la kiota kimoja cha mbayuwayu chini ya paa la shule halina pa kuwekwa. Tumerithi kutoka kwa wakoloni ule upande wa majina, tukauacha upande wa hesabu, na upande wa hesabu ndio uliokuwa rahisi kwetu kuufanya, maana hauhitaji gari wala safari ya Uluguru.

Haimaanishi hakuna kilichobadilika. Mwaka 2009 watafiti watatu walionyesha kwa vinasaba kwamba ndege wa Winifred walioko Ukaguru na Rubeho ni wa aina tofauti na wale wa Uluguru, wakawaita Scepomycter rubehoensis. Makala ilitoka Ibis. Mmoja wa waandishi watatu ni Mtanzania, Jacob Kiure. Kutoka Salimu Asumani wa miaka ya 1930 hadi jina la Kiure juu ya makala, katika jarida lilelile, imechukua miaka sabini hivi.

Na Amani penyewe hesabu ya hondohondo inadai kurudiwa. Utafiti wa kilimo ulihamia Muguga, Kenya, watafiti wa malaria wakachukua majengo, na tangu mwaka 1997 msitu ni hifadhi ya mazingira asilia. Mti wa Maesopsis eminii, ulioletwa na kupandwa huko mwanzoni mwa karne ya 20 na ambao kwa asili haukuwa wa Usambara, umesambaa ndani ya msitu mpaka umekuwa tatizo kwa wahifadhi, na mmoja wa wasambazaji wakuu wa mbegu zake ni hondohondo. Dume anayelisha leo amezungukwa na miti ambayo dume wa Moreau aliiona kwa uchache. Je, katika kila matunda kumi na matano anayoyatema mwanyani, mangapi ni ya Maesopsis? Mti mmoja wenye kiota, watu watatu wa kupokezana, daftari na saa, kwa siku 120, vingetosha kuanza kujibu. Wahifadhi wanaopanga kung'oa miti hiyo wangelihitaji jibu hilo kabla ya kushika shoka, na watu wa kuliandika wanaishi pale pale kijijini. Safari hii majina yao yawe juu ya makala.